Pemba ya Ukuta

Watu wa Kikula, mtaa wa Likasi, walimtambua Athanase kwa kucha zake kabla ya kumtambua kwa sura. Miaka mingi zilikuwa na buluu pembeni, ile buluu ya mafuta inayong'aa, isiyotoka hata kwa petroli. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, na habari za dunia zilimfikia kupitia kuta.

Alipokuwa kijana anajifunza kazi, nyumba za wafanyakazi wa migodi zilipakwa chokaa juu na mkanda wa kijivu chini, basi. Kampuni ilipolegea na watu wakaanza kujichimbia wenyewe, kila aliyepata mfuko mzuri wa madini alitaka sebule ya buluu kali na chumba cha mke cha waridi. Kwenye kadi ya rangi buluu ile iliitwa bleu cobalt, buluu ya kobalti, na wachimbaji walikuwa wakimcheka Athanase, kwa sababu kobalti waliyoibeba mgongoni ilikuwa nyeusi kama masizi. Halafu ikaja korona, watu wakafungiwa ndani na kuta zao wakitazamana nazo, na ile buluu ikawachosha macho. Halafu vita vya mbali vikapandisha bei ya kila kitu kinachokuja kwa meli, na mtu aliyekuwa akipaka nyumba nzima akawa anapaka mlango tu.

Halafu Mwadi, mke wake, akafa. Mungu amlaze pema mtumishi wake. Aliumwa mvua zinaanza, na mvua hazijaisha tukamzika.

Tangu mazishi Athanase hakupata kazi ila moja. Delphine, mtoto wa Likasi aliyeishi Liège, Ubelgiji, muda mrefu, alikuwa amenunua nyumba ya zamani mjini ili kuigeuza nyumba ya wageni. Wageni wenyewe ni wale wanaotoka ng'ambo kuja kuuliza kama kobalti ya magari yao ya betri imechimbwa kwa haki. Delphine alimweleza kwamba mtu aliyevuka bahari kutafuta kobalti safi hatakubali kulala katika chumba kinachonuka rangi ya mafuta. Akamwonyesha picha kwenye simu: sebule za Ulaya, kuta zake za udongo mtupu, rangi ya ardhi, na juu ya kitanda weupe uliofifia, kama wa unga. Huko, alisema, watu wamechoka na plastiki, wanaogopa joto la dunia, wanataka nyumba inayofanana na ardhi.

Athanase alizitazama picha zile kwa huzuni. Baba yake alifanya kazi maisha yote ili atoke katika nyumba ya udongo. Lakini alisema anaweza. Delphine akamwambia sebule iwe tayari kabla ya Pasaka, la sivyo atawaita mafundi wa Lubumbashi, ambao huleta udongo wao uliosagwa, ndani ya mifuko, kutoka Ulaya.

Ukweli ni kwamba hakuweza. Alijua brashi na rola, udongo hakuujua. Na kazi hii ikimpita, kilichobaki kilikuwa mashimo ya wachimbaji. Wanaume wa umri wake walikuwa wakishuka humo na wengine hawakupanda tena, na binti yake Hadassa alikuwa ameshampoteza mama. Usiku mmoja akiomba akakumbuka kwamba Mwadi alikuwa akisimulia jinsi yeye na mama yake, kule Kapolowe, walivyokuwa wakisiriba nyumba kila kiangazi na kuipaka udongo mweupe. Asubuhi akaulizia sokoni udongo mweupe unaitwaje. Muuzaji akacheka: si ni pemba, ile wanayotafuna mama wajawazito.

Basi akaenda Kapolowe, kwa wakwe.

Mtu hamwelezi mama mkwe shida yake uso kwa uso. Huipitisha kwa mwingine. Athanase alikaa uani na Georges, kaka wa Mwadi, wakaulizana habari, wakamtaja marehemu, kisha akasema amekuja kumwomba mama pemba.

Georges alikuwa anakunywa maji. Akaweka kikombe chini.

"Unasema nini, shemeji?"

"Pemba. Mingi. Hata mifuko, kama iko."

"Mifuko?" Georges alimpima kuanzia viatu hadi kichwa. "Zambi yako iko kubwa namna gani?"

Athanase hakuelewa, akadhani hajaeleza vizuri. Akasema haiombi kwa ajili yake. "Ni Delphine ndiye anaitaka. Tena mbele ya Pasaka."

"Ah," Georges akasema. "Kumbe iko na jina."

Akainuka, akaingia jikoni kwa mama yake.

Inafaa kueleza hapa kosa lilikuwa wapi. Katika ukoo wa Mwadi, mtu akifiwa na mwenzake hubaki amefungwa na marehemu, mpaka siku wakwe watakapompaka pemba kwenye paji la uso na mikononi. Hapo amefunguliwa, anaweza kuoa. Mfiwa akiomba pemba kwa wakwe, anaomba hilo tu, hakuna lingine. Athanase, shemasi wa kanisa la maombi, siku ya mazishi alikuwa ameikataa desturi hiyo mbele ya watu wote, akisema damu ya Yesu inatosha. Aliikataa kwa nguvu kiasi kwamba hakusikia hata jina la kile alichokikataa.

Kutoka uani alisikia mfuniko wa sufuria ukianguka. Alijua ameharibu, hakujua nini. Akaanza kuomba moyoni. Aliiona sebule ya Delphine ikiwa na mafundi wa Lubumbashi, na yeye mwenyewe akishuka shimoni na taa kichwani.

Mama Alphonsine, mkwe wake, akatoka. Alikaa kwenye kigoda akiwa amempa ubavu, macho kwenye ukuta wa jiko, na alizungumza na ule ukuta.

"Athanase. Minye siyamaliza kulia mutoto yangu. Weye umeshamaliza?"

Ndipo akaelewa.

"Mama, minye sina mwanamuke. Ni kazi, mama. Ni ya ukuta."

"Ukuta gani?"

Akatoa simu, akampa Georges, na Georges akampelekea mama. Mama Alphonsine alizitazama zile sebule moja moja. Aliuliza kama ni kweli wazungu wanalipa ili walale ndani ya nyumba kama yake. Athanase akajibu ndiyo, tena kwa hamu. Aliuliza ni kwa nini. Georges akajaribu kueleza habari za joto la dunia, na magari ya betri, na sumu iliyo ndani ya rangi za mafuta, akachanganyikiwa katikati.

"Kumbe dunia ni mbuzi wa kamba," mama akasema. "Inazunguka, inazunguka, inarudia mutini."

Akacheka, akijifunika mdomo kwa kitenge. Georges naye akacheka, akirudia "mifuko, mifuko" huku akipiga paja. Kisha kicheko cha mama kikageuka, mabega yakaendelea kutikisika lakini sauti ikawa nyingine, maana mtu ambaye angemsimulia jambo hili jioni alikuwa Mwadi. Walimwacha alie. Alipomaliza alijifuta, akasema: "Udongo nitakupa. Lakini mikono haiingiake mu mufuko. Nitakuya mwenyewe."

Walichimba kando ya kijito, mbali na pale linapoota ua la shaba, kwa sababu udongo wa pale una madini na haufai hata kufinyangia chungu. Wiki iliyofuata Mama Alphonsine alishuka Likasi kwa lori, akiwa ameketi juu ya mifuko ya udongo na majani makavu. Akavua viatu mlangoni kwa Delphine kana kwamba anaingia kanisani, akaanza kukanyaga matope.

Tabaka la kwanza lilipokauka, ukuta wote ulipasuka. Nyufa zilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Delphine alisimama akiangalia, akatoka nje na simu sikioni, na Athanase akasikia neno Lubumbashi. Alimfuata mama mkwe, akasahau adabu yote, akamwambia usoni kwamba wamekwisha.

"Ukuta mupya unaliaka kwanza," mama akasema bila kugeuka. "Ukiuzuia, utalia kisha, wageni beko ndani tayari. Acha ulie."

Akaloanisha nyufa, akasiriba tabaka la pili, jembamba, kwa kiganja. Athanase akaweka brashi chini, akasiriba upande wake, akifuata mkono wa mama kama alivyofuata zamani mkono wa fundi wake. Hakulala usiku ule. Asubuhi walikuta ukuta uko mzima, bila ufa. Ndipo wakapaka pemba, na sebule ikapata weupe wa ndani ya muhogo uliovunjwa sasa hivi.

Delphine aliugusa, akaacha mkono wake pale. Baadaye aliuliza weupe huo unaitwaje, apate kuuandika kwa wageni wake.

"Pemba ya ukuta," mama akajibu upesi. "Uandike maneno yote mbili. Usiache ukuta."

Jioni, bombani, Athanase alimmwagia mama mkwe maji ya kunawa, uso wake ukiwa pembeni kama inavyotakiwa. Mama akanawa polepole.

"Ile ya ukuta nimekupa," akasema. "Ile ingine, siku unaiomba, unakuya bila telefone."

"Bado, mama."

"Minye pia bado."

Jumapili iliyofuata kanisani, wakati wa maombi, Athanase aliinua mikono. Palipokuwa na buluu kwenye kucha sasa palikuwa na weupe, na ndugu wawili wa mstari wa nyuma walikuwa wameshaanza kunong'onezana. Aliwasikia. Alijua watamwuliza kama wakwe wamempaka ile pemba aliyoikataa mazishini. Akaiacha mikono juu.