Mkebe Uliorudi Mtupu

Vijana mnaosoma haya, hasa ninyi mnaofunga chakula cha watoto alfajiri na macho bado yana usingizi, acheni kwanza hicho mlichoshika mnisikilize. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Jambo hili lilituondolea mtoto nyumbani kwetu.

Nakumbuka asubuhi moja kule Msimbu, enzi za Mwingereza, mimi bado msichana wa kutwanga na kuteka maji. Katika sisi watoto ni mdogo wangu Rajabu peke yake aliyesoma. Shule ilikuwa mbali, upande wa Kisarawe, anatoka nyumbani umande haujakauka na kurudi alasiri. Chakula chake kilikuwa muhogo wa kuchoma au viazi vitamu ndani ya jani la mgomba. Halafu Baba akapata dukani mkebe mtupu wa biskuti, wenye mfuniko wa kubana. Mama aliufurahia kuliko Rajabu mwenyewe.

Siku ya kuamkia asubuhi ile majirani walikuwa wamemtoa mwali wao nje kwa ngoma, nasi tukaletewa sinia la wali wa nazi. Ulibaki, ukalala jikoni. Asubuhi Mama akaupasha, akaushindilia kwenye mkebe ukiwa unafuka moshi, akagonga mfuniko kwa ngumi.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya siku hiyo.

"Mama Rajabu, wali wa jana huo."

"Nimeupasha, Mama."

"Umeupasha, hujaufufua. Wali wa nazi ukishalala si chakula cha kubebwa juani. Na unaufungia na jasho lake. Mpe mtoto muhogo."

"Muhogo, muhogo, kila siku muhogo! Wenzake watasema kwetu mchele hatuujui. Leo afungue mkebe, wao wameze mate."

"Haya," Bibi akasema. "Wao watameza mate. Mwanao atameza huo."

Mama akagonga mfuniko tena. Akamgeukia Rajabu, akamwambia neno alilomwambia kila asubuhi: "Chombo kirudi kitupu. Ukinirudishia hata punje, utanijua."

Msimlaumu haraka. Mwaka ule mvua zilichelewa, na nguruwe wa porini walifukua mihogo yetu. Kwetu chakula kilikuwa hakitupwi. Baba naye aliwahi kumchapa Rajabu kwa kurudi na nusu ya kiazi, na sisi wengine tulimcheka.

Alasiri mtoto akarudi. Mkebe ulikuwa mtupu, umekombwa. Mama akauinua Bibi auone. "Umeona?" Bibi hakuutazama mkebe. Alikuwa anamtazama Rajabu, ameshika tumbo, midomo imemkauka.

Jua halijazama, tayari anatapika na kuendesha maji matupu. Uji ulirudi. Maji yalirudi. Mama akamwekea kichwa mapajani, akamwuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Rajabu, baba, ule wali ulikuwa na harufu?"

"Ulichacha, Mama. Ulikuwa unavutika."

"Mbona ukala?"

"Ulisema kirudi kitupu."

Wanangu, nimezika wengi tangu hapo, na maneno yale bado nayasikia.

Kulipokucha wanaume wakambeba kwa kitanda kumpeleka zahanati. Mimi nilitembea ubavuni na kibuyu, nikimdondoshea maji midomoni. Macho yalikuwa yamezama ndani, ngozi ukiifinya inabaki vilevile. Hatukufika. Walishusha kitanda kando ya njia, Baba akamfumba macho, tukageuza. Kibuyu kilirudi nyumbani na maji yake.

Kwenye matanga wanawake walimtazama Mama kwa jicho la pembeni. Hakuna aliyetaka kukaa naye mkeka mmoja. Nilidhani Bibi naye atasema, maana alikuwa na haki ya kusema. Akaenda kukaa karibu yake, bega kwa bega, kisha akatugeukia sote.

"Mnamtazama nini? Wali ameufunga yeye, haya. Lakini mtoto hofu ya kuutupa alifungiwa na nani? Nani hapa hakumwambia mtoto yule amalize? Nani hakumcheka alipochapwa kwa kiazi? Shusheni macho yenu."

Tukashusha. Mama hakukuna nazi tena mpaka anakufa, hata sikukuu ikija.

Sasa sikia, mwanangu, maana mdomo wangu haujui kuzungusha. Chakula cha mtoto kipikwe asubuhi ileile, na mikono yako uwe umeiosha. Kiache kipoe ndipo ufunike. Mkebe ukitoa jasho ndani, umeanza kuharibu. Uoshe kwa maji ya moto, uuanike juani, usiupanguse kwa kitambaa ulichopangusia samaki. Mwambie mtoto auweke kivulini. Cha nazi, cha maharage, cha mchuzi wa jana, kiacheni nyumbani. Muhogo wa kuchoma haumpi mtoto sifa, lakini unamrudisha nyumbani. Na sifa mnayoitafuta kwenye mkebe wa mtoto ni yenu ninyi, si yake. Yeye anataka kushiba acheze.

La mwisho ndilo kubwa. Mfundisheni mtoto kunusa, na mkubali pua yake. Akisema kimeharibika, kimeharibika.

Mungu awakuzie watoto wenu, awarudishe kila alasiri na vumbi lao na makelele yao, na asiwapitishe katika njia ile tuliyogeuzia kitanda.

Nilipopata nyumba yangu nilitoa amri moja, na wake za wanangu wote wanaijua: mtoto akirudi na chakula chake, asipigwe, asifokewe. Pokeeni mkebe, mpeni maji, kilichobaki kimwagwe.