Mama Mkwe Hataki Nimwogeshe

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lificheni. Watu wa kwetu wanasoma.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na kitu, kwetu Tabora. Shule niliishia la tatu. Nipo Guangzhou, China, nafunga marobota ya nguo soko la Shahe. Tajiri wangu Mtanzania ndiye kanileta. Mke wangu alifariki. Hatukujaaliwa mtoto. Kaniachia mama yake, hana mwingine.

Kwetu mkwe haguswi. Tangu nioe sijala naye wala kumtazama usoni. Tukikutana njiani napisha. Neno langu nililipitisha kwa mke wangu. Sasa yule mama hawezi kusimama. Msichana niliyemwajiri amtunze kaolewa. Wengine walikuja, wakaona kazi yenyewe, wakakimbia. Jirani mwenye duka anampelekea uji, basi. Kumwogesha, jirani hataki.

Jumapili dada mmoja Mfilipino, tunapanga naye nyumba moja, anaimba hotelini, alituwekea mkanda wa video wa kwao. Picha yenyewe mzee na bibi kizee tu. Wanapika wali, wanaanika samaki, wanagombea feni. Mwenzangu wa Mombasa akachoka.

"We dada, hawa wapigana saa ngapi?"

Halafu yule mzee akamkalisha bibi kwenye beseni. Akamwosha nywele, akamsugua mgongo. Bibi anamfokea, maji ya baridi. Mzee anacheka. Nikauliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, ni mama yake?

"Hapana," yule dada akasema. "Mama wa mke wake. Mke alikufa."

Mwenzangu akaruka. "Astaghfirullah! Mkwewe huyo! Zee zima halina haya!"

Wakacheka wote. Mimi nikatoka, nikakaa kwenye ngazi. Sikurudi kuona mwisho.

Kesho yake nikapiga simu dukani kwa jirani. Wakambeba mama mkwe na kiti chake mpaka kwenye simu.

Nikamwambia, "Mama, narudi. Nitakuogesha mwenyewe."

Akasema, "Baba, nilikupa mwanangu. Mwili wangu sikukupa. Siku utakayonivua nguo ndiyo siku nitakayokufa."

Nikamwambia tajiri. Akasema, "Ukienda usirudi. Na unakwenda kufanya nini, mwenyewe si kakukataa?"

Mwenzangu naye ananitania kila nikishika kamba ya robota: "Muogesha wakwe, kaza hiyo!" Zamani ningemrudishia. Siku hizi naikaza tu kamba.

Mimi nataka kwenda. Mikono ninayo, kazi chafu siiogopi. Ila namwogopa yeye. Nikimlazimisha, nimemtendea nini mama wa watu?

Jana nimepiga tena. Jirani kasema mama kaacha kunywa maji. Eti asipokunywa hatajichafua, na asipojichafua mimi sitakuja.

Nyie wenye wakwe, semeni. Niende nimvunjie heshima yake, au nimwachie afe nayo?

Nishaurini. Mimi nimeshindwa.