Siku Kasha Ilipozima Resho

Fundi yeyote wa mtaa wa Kasha anayejua kupiga mstari ulionyooka, muulize alijifunzia wapi. Atakuambia ni kwa Mwalimu Apollinaire. Miaka na miaka mzee huyu alifundisha dessin, yaani somo la kuchora, huko Bagira, na ubaoni alikuwa anachora duara kwa chaki tupu, anageuka kuliangalia darasa huku mkono bado unaendelea, na duara linajifunga barabara. Wanafunzi wabishi walikuwa wanakwenda kulipima na bikari ya mbao. Wakikosa kosa, wanakaa chini.

Mtu wa namna hiyo akistaafu, unatarajia apumzike na heshima yake. Basi mkono ukakataa kupumzika. Ulianza kutetemeka kidogo, wa kuume, ule ule wa chaki. Kwanza alisingizia kahawa. Kisha akasingizia baridi ya ziwa. Mkewe Cibalonza, mama asiyedanganyika hata kidogo, aliacha tu kumjazia kikombe mpaka juu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Mwalimu hakuogopa kifo, aliogopa aibu. Na aibu ilikuwa njiani inakuja. Shirika, yaani Wakristo wa avenu yao wanaosali pamoja kila wiki, lilikuwa limemwomba achore ramani ya paa la kikanisa chao kipya. Mama Francine, kiongozi wa shirika, alimuuliza kila walipokutana, naye kila mara alijibu kwamba bado anafikiria. Alifikiria mpaka rundo la matofali ya kikanisa likaota majani. Nyumbani, mlango umefungwa, alijaribu kwa kalamu na rula, akachana karatasi, akatamani kulia. Mtu aliyenyoosha mistari ya mji mzima, leo hawezi kunyoosha wake mmoja!

Binti yao Aurore, anayefanya kazi Lubumbashi, alikuwa amewaachia mashini yake ya zamani, kompyuta ya Linux ambayo betri yake ilishakufa. Umeme ukikatika, nayo inazima. Mwalimu alijaribu kuchora kwa kipanya. Mstari ukatoka kama njia ya mbuzi. Mkono ulikuwa ule ule, na aibu ile ile. Ndipo akampigia Aurore simu, akamwambia ukweli ambao hakuwa amemwambia mtu.

Aurore akamweleza kwamba kuna njia ya kuchora bila kuvuta mstari. Unaandika kwa namba mahali pembe zilipo, na mashini inavuta yenyewe. Kidole kikitetemeka ukagusa herufi mara mbili, unafuta, unaendelea. Ila kwanza lazima aingize mashinini maktaba za kuchorea, yaani kazi ambazo watu wengine walishaziandika, ili naye asianzie kufua chuma cha nyundo kabla ya kupigilia msumari. Moja inaitwa OpenGL, ndiyo inayochora. Nyingine, GLFW, inafungua dirisha la kuchoria. Mwalimu nusura acheke kwa furaha. Namba alikuwa amezifundisha maisha yake yote, na namba hazitetemeki.

Lo, kumbe maktaba hizo hazitembei peke yao! Unaita moja, inakuja na ndugu zake na wakwe zake, kila mmoja anadai mega za simu, yaani intaneti ya kununua. Na saa ile ile courant, yaani umeme, inaporudi Kasha, avenu nzima inachomeka resho za kupikia na pasi. Umeme unalegea, taa inakuwa nyekundu kama kaa, mashini inazima kazi ikiwa katikati. Ikiwaka tena, Linux inalalamika kwamba kazi ilikatishwa na lazima itengenezwe kwanza. Mzee anaitengeneza kwa maneno aliyotumiwa na Aurore, anaanza upya, na jirani anateleka maharage. Mwalimu akawachukia watu wote wanaokula maharage.

Cibalonza alimwangalia, akaweka kikapu chini.

"Baba Aurore, ubaambie. Batu banakungoja weye, habangoje mukono yako."

Kwa hiyo siku ya sala ya shirika Mwalimu alisimama, mkono ndani ya mfuko wa koti, akaomba kwamba Jumamosi mchana mtu asichomeke kitu mpaka yeye aseme. Alisema ni kazi ya kikanisa, basi. Mkono hakuutaja. Watu wakanung'unika juu ya nguo za misa zitakazokosa pasi, lakini Mama Francine akawakumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, wakakubali.

Jumamosi moshi wa makala, yaani makaa ya kupikia, ulifunika Kasha. Umeme ulisimama imara, na maktaba zikaingia, zote na wakwe zao. Mwalimu akaandika programu yake taratibu, akafuta herufi zilizozidi, akaijaribu. Mashini ikakataa, ikisema haiyajui majina anayoyataja. Jasho likamtoka. Kumbe maktaba zilikuwa ndani tayari, ila hakuwa ameiambia mashini izitumie. Akaongeza majina yao mwishoni mwa amri, akajaribu tena.

Wakati huo sebule ilishajaa. Kila aliyepika kwa makala alikuja kuona amejinyima umeme kwa ajili ya nini. Dirisha jeusi likafunguka, na katikati yake ikatokea pembetatu moja ya rangi ya chungwa.

Walingoja kingine kitokee, hakikutokea. Gentil, fundi wa kujenga aliyewahi kukaa dawati la nyuma la Mwalimu, ndiye aliyethubutu.

"Mwalimu, njo hii tu?"

Mzee akautoa mkono mfukoni. Akaunyoosha mbele ya watu wote, nao ukatetemeka waziwazi, hata akina mama walioketi karibu na mlango wakauona.

"Muangalie mukono yangu," akasema. "Sasa muangalie mustari."

Gentil akatoa rula yake ya chuma, akasogea, akaiweka kwenye kioo, ubavu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaipima tena, mbishi ni mbishi. Halafu akairudisha mfukoni, akakaa chini, sakafuni, maana viti vilikuwa vimekwisha. Akaomba vipimo vya paa.

Mwalimu alianza kuvitaja kwa kichwa, kwa sababu paa zima lilikuwa kichwani mwake siku zote zile, akawa anaandika namba na pembetatu inapanuka kuwa uso wa kikanisa. Mama Francine aliuliza kwa upole kama sasa wanaweza kuchomeka resho. Wakamwambia angoje kidogo. Cibalonza akapita na chai. Kikombe cha mumewe akakijaza mpaka juu. Mzee akakipokea mbele ya avenu nzima, akajimwagia chai kwenye suruali, akaipangusa, akaendelea kumweleza Gentil urefu wa boriti.