Siku Pua Ilipofunguka Mbele ya Wakwe

Hapana, yale hayakuwa machozi ya mwari, msidanganywe na mtu, ilikuwa pua, pua yangu hii hii, na aibu yake naijua mimi niliyeibeba.

Sikieni. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa pale Zombo, kila mtu anafyatua matofali, anajenga, vumbi mpaka kwenye kope, basi kichwa changu kikaziba: hapa juu ya macho pananigonga, mashavu yanauma nikiinama, hata maziwa yakiungua sisikii harufu. Na kuongea je? "Shikaboo, bjoba." (Cheka, cheka, na wewe una meno mangapi?) Mchumba wa kwanza, wa Msowero, alinisikia hivyo mara moja tu, hakurudi, kwao wakasema nina ugonjwa wa kichwa. Kwa hiyo alipotokea wa pili, kijana wa Munisagara, mpole, niliyempenda mpaka naota mchana, nikasema huyu simkosi kwa ajili ya pua.

Mganga wa zahanati, yule anayeongea kama anabembeleza mtoto, akaniambia, "Mwanangu, ndani ya mifupa ya uso pamevimbaaa. Kunywa maji mengi, kula vya motomoto." Mama mdogo akanipikia supu ya kuku, tangawizi, kitunguu swaumu, pilipili kichaa. Yeye huongea kama anafukuza nyani shambani: "Kikombe asubuhi! Kikombe jioni! Usizidishe!" Na kweli, siku ya tatu nikaanza kusikia moshi, nikafurahi kama nimepewa ng'ombe.

Lakini wageni wa posa, watu wa kijana, wanakuja kesho yake, nikaona vikombe vinanichelewesha. Kulipokucha nikainywa sufuria nzima, na pilipili nikatafuna juu yake (mbichi, jamani), eti ifunguke yote kwa mpigo.

Haikufunguka. Asubuhi nzima kavu kama jiwe. Wageni wakafika, mama wa kijana mbele, mke wa mtu wa reli, mnene, sauti nzito, wakakaa mkekani na mjomba wangu, maana kwetu binti ni wa mjomba, akishasema yeye hakuna wa kuongeza. Nikaitwa kunawisha. Na binti anayeposwa hanawishi ovyo: unapiga magoti, birika mkono wa kulia, beseni wa kushoto, macho chini, kimya, huweki kitu chini mpaka wa mwisho anawe. Nikamfikia yule mama, akanyoosha mikono, na hapo hapo pua ikafunguka.

Yote! Ya wiki tatu! Mikono imejaa, nifute na nini? Nikavuta ndani, hrrrrr, kama treni inapanda mlima, mjomba akakohoa kunifichia, nikainua bega nijifute, birika likainama, maji yote mapajani kwa mgeni, nikafungua mdomo niseme samahani, chafya ikatangulia. Na hiyo chafya (mnisamehe) ilimpata usoni. Beseni nalo likaniponyoka.

Mama mdogo mbio: "Analia! Anaagana na kwao, masikini!" Mjomba anatazama paa kama anahesabu nyasi. Mimi nikajua basi, Munisagara nayo imeondoka.

Yule mama akajifuta uso taratibu, akatafuta upande mkavu wa khanga yake, akanishika kidevu, akanibana pua. "Penga." Nikapenga. "Tena." Nikapenga tena, binti wa kuolewa, mbele ya ukoo mzima! Na kichwa kikawa chepesi, wajukuu zangu, sijawahi kusikia ugali unanukia vile.

Nimeishi na mama yule mpaka nikamzika, na shukrani ya ile khanga sijaimaliza. Supu nawapikia ninyi nyote mkibanwa, lakini kikombe, kikombe! Sufuria sirudii mpaka naingia kaburini.

Maana siku ile, mama mdogo bado anapiga kelele za machozi, yule mama alikunja khanga yake, akamgeukia mjomba, kwa ile sauti nzito:

"Huyu tunamchukua. Leteni ugali, nina njaa."