Dalali Aliyetoka Makka

Kazi yangu ni udalali wa ng'ombe. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, hasa kwenye mnada wa Ikungi, na mara nyingine kwenye minada midogo ya vijijini. Mwenye ng'ombe anakuja na mnyama wake, mnunuzi anakuja na fimbo yake, mimi nasimama katikati nazungumza mpaka mmoja wao achoke. Sina zizi kubwa wala duka. Nilicho nacho ni mdomo, na katika mdomo huo kulikuwa na neno moja nililolitegemea kuliko mengine yote: wallahi.

"Wallahi huyu hana ugonjwa. Wallahi mama yake nimemwona kwa macho yangu, anajaza ndoo." Mara nyingine mama yake nilikuwa nimemwona kweli. Mara nyingine sikuwa nimemwona. Mnunuzi akiwa Mkristo nilibadilisha nikasema haki ya Mungu, mambo yakaenda vilevile. Adhuhuri ikiingia nilitandika mkeka nyuma ya banda la chai, nikaswali, nikakunja mkeka, nikarudi zizini kuendelea kuapa. Sikuona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Nafasi ya kwenda hija nilipoipata, nilifanya kama wanavyofanya wengine. Ijumaa ya mwisho kabla ya safari nilisimama mbele ya watu kwenye msikiti wetu wa Unyambwa, nikasema, "Ndugu zangu, nasafiri. Niliyemkosea kwa kujua au kwa kutojua, naomba anisamehe." Msikiti mzima ukajibu kwa sauti moja, "Tumekusamehe!" Nikakaa chini nikijisikia mwepesi. Hakuna aliyeuliza amesamehe nini, nami sikusema.

Huko Mina, nje kidogo ya Makka, nilikuwa hema moja na mzee mmoja wa Kondoa, mwalimu mstaafu, mtu mkimya. Tulikuwa tumeshavaa ihramu, zile shuka mbili nyeupe za hija, na mashehe wa msafara wametukumbusha mara nyingi: ukiwa kwenye hali hii hugombani na mtu, husemi maneno machafu, hata mnyama wa porini humwindi. Mimi nilikuwa nawasimulia wenzangu habari za madume niliyowahi kuyauza. Nilipotulia, yule mzee akaniuliza, "Kwenu unafanya kazi gani?"

"Mimi ni dalali wa ng'ombe, mzee wangu."

"Aa. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Unamwita Mungu awe shahidi tangu asubuhi," akasema. "Nilikuwa nafikiri labda una kesi."

Hema zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Baadaye nilijilaza nikajaribu kukumbuka nimetaja wallahi mara ngapi tangu tuamke, nikashindwa, kwa sababu hata wakati wa kulitaja neno hilo sikuwa nalisikia.

Watu wengi wakiniuliza habari za Arafa, kule mahujaji wanakosimama kuomba mpaka jua lizame, wanategemea niwaambie kwamba nililia. Sikulia. Kulikuwa na joto, na watu wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja, na yule mzee alikuwa kando yangu ameinua mikono bila kuishusha. Nami niliinua yangu. Nilikuwa na maombi niliyoyapanga tangu nyumbani: watoto, mvua, magoti ya mke wangu, marehemu baba na mama. Nikayamaliza yote. Nikaangalia jua, bado liko juu. Saa nyingi zilikuwa zimebaki na sikuwa na la kusema. Hapakuwa na mtu wa kumshawishi pale.

Katika ukimya huo akanijia mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado. Alikuwa mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Mwenye mtamba alininong'oneza siku ile mnadani kwamba amekaa na dume misimu miwili na hajashika mimba, nimsaidie kumwondoa mikononi mwake. Mnunuzi alikuwa mama mmoja wa Mungaa, mjane, aliyetaka ng'ombe wa kuanzia ufugaji. Aliniuliza mara tatu kama huyu mtamba atazaa. Mara tatu nilimwapia. Ilikuwa imepita miaka saba au nane, na sikuwahi kumfikiria tena mpaka nilipokuwa nimesimama pale na shuka mbili mwilini. Nikaomba msamaha. Jua likazama, tukaondoka na watu kwenda Muzdalifa, nami nikahesabu kwamba jambo hilo limekwisha.

Niliporudi nyumbani jina langu lilibadilika. Hata watu wa rika la baba yangu walianza kuniita Haji. Siku yangu ya kwanza mnadani wengi walikuja kunishika mkono, Waislamu kwa Wakristo, na kazi ikaanza vizuri. Nilikuwa na mwenzangu tuliyefanya kazi pamoja muda mrefu, Mkristo, dalali hodari kuliko mimi. Alikuwa na jike zuri na mnunuzi wa kutoka Manyoni aliyeshampenda.

Yule mnunuzi akanigeukia mimi. "Haji, mimi sina maneno mengi. Wewe apa tu, mimi natoa hela."

Mwenzangu akanisogelea. "Apa basi. Ng'ombe huyu ni mzima, unamjua."

Ni kweli nilikuwa namjua, na kiapo kingekuwa cha kweli. Lakini nilikuwa nimejiwekea kwamba sitaapa tena mnadani, kwa kweli wala kwa uongo, kwa sababu nilijua ulimi wangu hautajua pa kusimama. Nikasema, "Ninalolijua ni hili: kwa meno yake ana miaka minne, amezaa mara moja, ndama wake nimemwona. Zaidi ya hapo sijui."

Mnunuzi akarudi nyuma hatua moja. Akamtazama ng'ombe upya, kwato mpaka pembe. "Kama Haji mwenyewe anaogopa kuapa," akasema, "basi huyu ana kitu." Akaondoka, akaenda kununua kwa wengine.

Mwenzangu hakupiga kelele. Alikaa kwenye ubao wa zizi akaniuliza, "Wenzako wakienda Makka wanarudi na baraka. Wewe umerudi na nini?"

Miezi iliyofuata ilikuwa ya namna hiyo. Wanunuzi walitaka kiapo changu kuliko zamani, maana sasa kilikuwa kiapo cha Haji, na nilipokikataa waliona nawaficha kitu. Mwenzangu akaanza kufanya kazi na vijana wengine. Hatukugombana. Alinieleza kwamba ana watoto shuleni, nikamwambia namwelewa.

Nilimweleza shehe wetu habari hizi. Ni kijana, nimemzidi umri kwa mbali, lakini ana elimu na ana subira. Nilitaka anisifu kidogo. Nikamtajia na ule mtamba, na jinsi nilivyoomba msamaha Arafa.

"Na mwenyewe ulimwomba?" akauliza.

"Mwenyewe nani?"

"Huyo mama."

"Niliomba msamaha msikitini kabla ya kuondoka, shehe. Wewe ulikuwepo."

"Mimi nilikuwepo. Yeye alikuwepo?"

Yule mama ni wa kanisani, tena wa Mungaa. Angekuwepo vipi?

"Mzee wangu," akasema taratibu, "Mungu anasamehe kilicho chake. Cha yule mama kipo kwa yule mama." Akanieleza pia kuhusu kafara ya kiapo, kulisha maskini kumi.

Kafara nilianza nayo, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Mke wangu alipika ugali na kuku, watu kumi wakala wakashiba, wakatuombea dua. Safari ya Mungaa niliiahirisha. Mara mvua, mara alizeti iko shambani inanisubiri, mara pikipiki ya jirani mbovu. Siku moja tukiwa tunakunywa chai mke wangu aliniambia, bila hata kuinua macho kutoka kwenye kikombe, "Umepanda ndege mpaka Makka. Mungaa ndiyo imekushinda?"

Nilikwenda kesho yake. Sikupata shida kumpata, pale kijijini wote wanajuana. Nilimkuta uani anapiga alizeti, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ana fimbo fupi mkononi na mbegu zimemzunguka kwenye turubai. Alikuwa amezeeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kidogo. "Wewe ni yule dalali wa Ikungi. Nasikia siku hizi ni Haji. Karibu kiti."

Akaniletea maji. Nikanywa, nikaweka kikombe chini, nikamwambia kilichonileta. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba nilijua yule mtamba hashiki mimba, niliambiwa na mwenye ng'ombe siku ileile, na nikamwapia mara tatu kwamba atazaa. Nikamwambia nimekuja kuomba anisamehe.

Alichukua kichwa kingine cha alizeti akakipiga mpaka mbegu zikaisha. Kisha akasema, "Mwaka wa pili nilishajua kuwa ni tasa."

"Mbona hukuja kunidai?"

"Nikudai nini? Uliapa. Nikasema labda na wewe ulidanganywa."

Maneno hayo yalinikaa vibaya. Ningeona nafuu kama angenitukana. Nikauliza, ilimradi niseme kitu, "Mwishowe ulimfanyaje?"

Akaweka fimbo chini. "Nilimuuza. Nilimswaga mpaka mnada wa mbali, nisikojulikana. Akaja mtu, nadhani wa upande wa Iramba, akaniuliza kama mtamba anashika mimba. Nikamwambia haki ya Mungu, baba, huyu atazaa, mama yake anajaza ndoo." Akanitazama usoni. "Ni maneno yako yaleyale. Mama yake sijawahi kumwona. Mimi ni mtu wa kanisani, naimba kwaya miaka yote hii, na hilo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo."

Kuku walikuwa wamekuja kwenye turubai wanadonoa mbegu. Hakuwafukuza.

"Nikusamehe wewe," akasema, "mimi atanisamehe nani?"

Nilimuuliza kama anaikumbuka sura ya yule mtu. Hakuikumbuka. Nikamwambia nina mitamba miwili kwangu, nitamletea mmoja. Akakataa. Akasema hana haki ya kupokea, kwa kuwa hasara hakuila yeye, aliipitisha kwa mwingine. Akaokota fimbo, akapiga vichwa viwili vitatu vya alizeti. Mwishoni akasema, "Mlete. Ila usiniambie lolote juu yake. Nitamwangalia mwenyewe."

Wiki iliyofuata nilimpeleka mtamba. Nilikaa pembeni nimefunga mdomo, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya ng'ombe anayeangaliwa. Mama alimzunguka, akamfungua mdomo, akamshika chuchu moja moja, akamtembeza mpaka kwenye mti na kumrudisha. Kamba hakunirudishia. Akaanza kusema na mnyama kwa Kinyaturu, sauti ya chini, kama wanavyosema na ng'ombe watu waliokua nao.

Alinisindikiza mpaka njiani. "Lako nimelisamehe," akaniambia. "Langu bado ninalo."

Niliondoka, lakini furaha niliyoitegemea haikuja. Nilichokuwa nacho ni kitu kama njaa. Njiani nilifikiri juu ya huyo mtu wa upande wa Iramba. Huenda alimchinja yule mtamba, huenda naye alimpeleka mnadani akaapa. Sitajua. Nilipokuwa Arafa nilidhani ninaomba msamaha kwa jambo moja, kumbe jambo hilo lilikuwa limeshatembea wilaya mbili bila mimi.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu siku hiyo. Bado ni dalali, ingawa si kama zamani. Wachinjaji hawanihitaji, wao wanaangalia nyama tu. Wanaokuja kwangu ni wanaotafuta mnyama wa kufuga. Baadhi wanatumwa na yule mwenzangu wa zamani, anawaambia, "Nendeni kwa Haji, atawatajia na kasoro." Sijui kama ananisifu au ananicheka, nami sijamuuliza. Zipo siku neno lile la wallahi linanitoka, hasa nikiwa na haraka. Likitoka namwambia mtu niliyenaye kwamba nimekosea, naanza sentensi upya. Swala zangu ni zilezile tano, na mkeka ni uleule, nyuma ya banda lilelile.

Mwaka huu mke wangu amejiandikisha kwenda hija, kama magoti yatamruhusu. Ameshaanza kuzunguka kwa watu aliowakosea, mmoja mmoja. Msikitini hajaomba bado, anasema hilo litakuwa la mwisho. Juzi alikwenda kwa dada yangu, wifi yake, ambaye hawajasemeshana vizuri tangu msiba wa mama yangu. Aliondoka asubuhi na kitenge kipya ndani ya mfuko. Alirudi alasiri bila mfuko, akavua viatu mlangoni, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akaingia jikoni kuwasha moto, nami sikumuuliza waliongea nini.