Hupigi Mpaka Useme Nyutro

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alitumbukia kwenye oili chafu, na aliyemtumbukiza ni mimi. Nyinyi vijana mnaoanza ufundi mkiwa na cheti na simu mkononi, nivumilieni nianzie hapo, maana karibu yote niliyonayo ya kusimulia yanarudi kwenye pipa lile.

Gereji ilikuwa Bilele, mjini Bukoba: banda la mabati na uwanja wa udongo uliolowa mafuta. Fundi Mkuu aliitwa Ta Kyaruzi, Ta kwetu Wahaya ni kama Mzee, mtu wa Kamachumu, mfupi, mkali, ovaroli yake ya bluu imefuliwa na kunyooshwa na mkewe kama nguo ya kanisani. Alinikalisha kwenye usukani wa gari la mwalimu mmoja, akainama kwenye injini, akasema, "Piga!" Kupiga ni kuzungusha ufunguo ili stata iamshe injini. Nikapiga. Mwalimu alikuwa ameliacha gari ndani ya gia, jambo ambalo mimi sikulijua wala kuliuliza. Gari likaruka mbele kama mbuzi, likamsukuma Ta Kyaruzi kinyumenyume hadi kwenye pipa lililokatwa nusu, akakaa humo miguu ikiwa juu.

Alikuja dirishani akichuruzika oili.

"Wewe ni mwana wa nani?"

"Wa Kamugisha wa Nshambya, Fundi."

"Sikiliza, mwana wa Kamugisha. Nikisema piga, unashika gia kwanza, unaitikisa. Ikicheza huku na huku, haijashika popote, hiyo ndiyo nyutro. Unanijibu nyutro, ndipo unapiga. Usipojibu, hupigi. Waitu, ndugu yangu, mimi nina watoto!"

Tangu hapo tukawa kama padri na waumini. Yeye akiita "Piga!" mimi naitikia "Nyutro!" Majirani wa Bilele walituiga, na watoto walichezea maneno hayo barabarani.

Tulicheka sana miaka ile. Msimu mmoja wa senene, wale panzi wa kuliwa, dereva wa Bwana Kilimo alituletea gari akilalamika kwamba linanuka kuungua na feni inapiga kelele. Tulipofungua boneti, senene walikuwa kila mahali, kwenye mkanda, kwenye rejeta, hadi juu ya betri. Bwana Kilimo mwenyewe alikuwa amewafunga kwenye jani la mgomba na kuwaweka juu ya bomba la moshi, wajikaange njiani kutoka Muleba, na furushi likamwagikia kwenye feni. Ta Kyaruzi alichukua mmoja, akamtafuna polepole akitazama juu.

"Injini haina tatizo," akasema. "Chumvi ndiyo haikutosha."

Baadaye tulihamia Muleba wote wawili, kwenye karakana ya mradi mmoja wa barabara. Mkubwa wetu kule, Bwana Usafirishaji, alikuwa mtu wa tai na hakupenda makelele. Siku moja alitoka ofisini akatufokea kwamba pale si mnadani. Ta Kyaruzi akajifuta mikono taratibu. "Bwana Mkubwa," akamjibu, "njoo basi uiname wewe hapa mbele ya gari, na sisi tutanyamaza." Bwana Usafirishaji alilitazama gari, akarudi ofisini, akafunga dirisha.

Mradi ulipokwisha, Ta Kyaruzi alipewa pikapu kuukuu kama shukrani, tukarudi nayo Bilele. Ilikuwa ya dizeli na ina ugonjwa wake: kwenye mlima mrefu ilivuta hewa kwenye bomba la mafuta, ikazima. Dawa yake ni kutoa hewa. Unalegeza skrubu, unasukuma pampu ndogo ya mkono, mafuta yanatoka na povu, unaendelea mpaka yatoke bila povu, unakaza. Kisha unaita aliye ndani apige. Ni kazi ya watu wawili.

Kisha Ta Kyaruzi akapata saratani ya koo. Yule mtu wa kuita mpaka soko zima lisikie akabaki na mnong'ono. Daktari pale Bukoba alitueleza kwa upole kwamba hakuna la kufanya zaidi. Ta Kyaruzi akanivuta sikio hadi karibu na mdomo wake: anataka kufia kibanjani kwake, kwenye nyumba na migomba yake, Kamachumu, si kwenye kitanda kilichosukumwa pembeni ya wodi. Na alitaka kwenda na pikapu yake. Jirani alitaka kutuazima gari zuri, yeye akalikataa kwa kidole.

Tulikaa watatu mbele. Mimi kwenye usukani, yeye katikati akiniegemea, mkewe Ma Koku dirishani amemshika mkono. Alikuwa mwepesi mno, na pumzi yake ilikuwa ikikatika. Niliogopa kila shimo. Tulipita Kemondo, tukafika Muhutwe, tukaanza kuupanda mlima wa Kamachumu. Katikati ya mlima pikapu ikakohoa, ikazima.

Niliweka mawe nyuma ya magurudumu, nikafungua boneti. Spana iliniponyoka mara kwa mara. Nilimwomba Mungu asimchukue pale, kwenye mchanga wa barabara, nyumbani kwake kukiwa kule juu tu. Povu likaisha, nikakaza skrubu, nikaita, "Piga!"

Kimya.

"Piga, Ta!"

Kimya tena. Nikajua amekwenda. Nilishika ukingo wa boneti na sikutaka kuzunguka niende kuona. Ndipo Ma Koku akatoa kichwa dirishani.

"Anasema!"

"Anasema nini, Ma?"

"Nitajuaje mimi mambo yenu! Ameshika ufunguo, lakini anasema hapigi mpaka wewe usikie!"

"Nisikie nini?"

Akarudisha kichwa ndani, akainamia midomo ya mumewe. Mama yule hakuwahi kugusa gari maishani mwake, zaidi ya kufua ovaroli. Alitoka tena, machozi yakimtiririka, akapaza sauti kama anayeita ng'ambo ya bonde:

"Nyutro!"

Ufunguo ukazunguka, pikapu ikawaka.

Alifika. Alilala siku chache nyumbani mwake, mlango ukiwa wazi aione migomba yake, akafa asubuhi moja mkewe akimnywesha uji. Tulimzika kibanjani. Nililia kuliko nilivyomlilia baba yangu mzazi, na sioni haya kuandika hivyo.

Sasa nami nimestaafu, mgongo umegoma. Magari ya leo yanawashwa kwa kitufe, na fundi anachomeka mashine yake akafanya kazi peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni bila kuita mtu. Sina ugomvi na mashine. Ila nikipita gerejini nauona ule ukimya, na unaniuma.

Kila nilipokwenda Kamachumu kumsalimia Ma Koku, wakati wa kuaga alinisindikiza hadi kwenye gari langu kuukuu, akasimama mbele ya boneti na kanga yake mabegani, akasema, "Piga!" Mimi nikatikisa gia, nikamjibu, "Nyutro, Ma." Alicheka kila mara, kisha akafuta macho. Ndivyo tulivyomkumbuka, na hatukuhitaji hotuba nyingine.

Mwezi uliopita tulimzika Ma Koku naye, ubavuni mwa mumewe. Watu walipotawanyika niliingia kwenye gari, nikashika gia, nikaitikisa. Ilicheza huku na huku. Nikakaa hivyo, mkono kwenye ufunguo. Mwanangu akainama dirishani.

"Baba, gari limekataa?"

"Halijakataa," nikamwambia. "Sijaambiwa nipige."