Baba mkwe alinikataa kwa sababu ya shangazi yangu "mchawi", kumbe ni spliceosome

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo. Hii si chai, baba mkwe mwenyewe ameniruhusu niandike.

Niko Amherst, huku Buffalo, Marekani, napiga PhD. Nachunguza umbo la mashine moja ndani ya seli, inaitwa spliceosome. RNA ikishanakiliwa kutoka kwenye DNA inakuwa na vipande vya bure katikati. Hii mashine inavikata, inaunga vile vya maana.

Ni protini nyingi. Zinakusanyika, zinakata, zinaunga, zinatawanyika. Kama comité zetu za harusi, ila hii inafanya kazi.

Bon. Nikampenda binti wa Whitehall, Columbus. Baba yake akakataa katakata.

Sababu ni shangazi yangu aliyenilea, sasa yuko Okolona, Louisville. Zamani kule Uvira, Kongo, aliolewa na kaka mkubwa wa huyo mzee. Mume akapofuka polepole, mwishowe akafa. Ukoo ukasema shangazi ndiye aliyemla macho, wakamfukuza matanga hayajaisha.

Donc mimi ni mtoto wa mchawi, nipite hivi.

Nikarudi Columbus na mjomba kuomba upya. Ilikuwa jioni, taa za salon, yaani sebuleni, hazijawashwa. Mzee akaja kutusalimu, akagonga stuli, akamwaga Fanta, akaanza kugombeza wajukuu eti wameacha stuli njiani. Wajukuu wenyewe hawakuwepo.

Hapo nikamkumbuka kaka yake aliyepofuka, wakuu. Nikauliza, "Baba, marehemu naye alianza hivi, giza likiingia?"

Mjomba akanifinya paja.

"Weye, nani amekuambia?" mzee akasema. Kumbe alikuwa anaficha kwamba gizani haoni, anaogopa kunyang'anywa kazi ya kuendesha forklift.

Nikamweleza kuwa macho yanaitegemea sana ile mashine. Kuna koo ambazo watu wake huzaliwa na kasoro kwenye protini yake moja, mtu anaanza kukosa kuona gizani, kisha pembeni. "Sijui kama ni yako, baba. Mimi si daktari wa macho. Nenda upime."

Mama mkwe akataka maombi kwanza. Nikamwambia sawa mama, maombi asubuhi, kliniki mchana.

Majibu yakarudi: ni hiyo kasoro. Dawa yake bado. Mzee akalia, nami nikalia. Umbo la ile mashine nalijua vizuri, lakini sikuwa na cha kumpa.

Posa ikapokelewa. Binti hajaamua kama naye atapima, maana kasoro hii hurithiwa. Nimemwambia naoa mtu, sioi RNA.

Kisha mzee akampigia shangazi, spika wazi, ukoo mzima umekaa.

"Shemeji, tulikukosea. Ni ugonjwa wa kwetu, kuna mashine ndani ya seli zetu ina kasoro."

Shangazi akasema, "Aksanti, shemeji. Lakini hata mashine yenu ingekuwa nzima, bado mimi singekuwa mchawi."



Funzo nimeliacha hapohapo, wakuu, sina la kuongeza. Ninyi ambao ukoo wenu uliwahi kumfukuza mtu kwa ugonjwa, mmeshampigia? Semeni hapa, matusi pia napokea.